Ukitaka Paka, Chukua Aliyekwisha Kuwa Mzee

Kazi yangu ni kushona kofia za mkono hapa Langoni, Lamu, na mshona kofia hukaa kitako kutwa, uzi mapajani. Kwa mtu kama mimi mtoto wa paka ni balaa. Huukimbiza uzi, huutafuna, na akiumeza unaweza kumkunja utumbo hata ukaukata. Basi kila anayeniuliza achukue paka gani humwambia atafute wa miaka minane au kumi, aliyekwisha mambo ya utoto. Wangu, Chausiku, hulala barazani mchana kutwa. Kofia ikimalizika hata hana habari.

Wale wa pwani, pale samaki wanapoteremshwa, wengi wamekulia nje na hawataki kufungiwa. Wape vichwa vya samaki uwaache na uhuru wao. Wa kumchukua ni yule aliyezoea nyumba kisha akakosa mwenyewe: mfanyakazi wa serikali kahamishwa, mzee kafariki na wanawe wako Mombasa, au mgeni wa Shela karudi kwao. Uliza barazani, utaelekezwa. Anayekupa muulize paka anakula nini, kama amehasiwa, na kama amechanjwa kichaa cha mbwa. Sikio lililokatwa ncha mara nyingi ni alama ya kuhasiwa. Umri uangalie kwenye meno: ukoko wa manjano na mapengo ni dalili za utu uzima. Paka wa miaka 10 hukadiriwa kuwa kama binadamu wa miaka 56 hivi, kwa hiyo usitishike. Bado ana maisha.

Chausiku alitoka Mokowe, upande wa bara, na kumvusha kuna adabu zake. Tumia kapu la ukindu lenye kifuniko, ulifunge kwa kamba. Ndani tandika kitambaa cha nyumba aliyotoka, juu ufunike kwa leso. Kaa mbali na mashine ya boti, maana ule mngurumo ndio unaomtia wazimu. Hata akilia vipi usimfungulie mpaka uwe chumbani na mlango umefungwa. Akikuponyoka gatini, mtafutane.

Nauli nayo. Likoni, kule Mombasa, mtu wa miguu huvuka kwa feri bila kulipa. Luxembourg, nchi ndogo ya Ulaya, tangu Machi 2020 mabasi, tramu na treni za daraja la pili ni bure kwa kila mtu, mwenyeji na mgeni, gharama zikitoka kwenye kodi. Sisi wa visiwani barabara yetu ni maji, na kila kuvuka ni kutia mkono mfukoni. Paka mzee haendi kwa daktari mara moja yakaisha. Mwenye kuishi ng'ambo hupiga hesabu ya boti kwanza, mnyama akazidiwa. Simlaumu nahodha, mafuta ananunua yeye na watoto anao. Serikali ndiyo ingemlipa.

Siku za mwanzo mwache chumba kimoja, na karai la mchanga pembeni, maji na chakula upande wa pili. Atajificha chini ya kitanda. Usimvute. Kaa humo na kazi yako, atatoka mwenyewe akichoka. Mama mkwe wangu alihofia msala wake wa kusalia, akakumbushwa kwamba Mtume (s.a.w.) alisema paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka. Sasa yeye ndiye anayemnyima mtu nafasi kwenye mkeka kwa ajili ya paka.

Chakula: samaki aliyechemshwa, bila chumvi, bila kitunguu wala thomu (kitunguu saumu), miiba imetolewa. Samaki mbichi kila siku humpunguzia vitamini B1, na samaki peke yake hamtoshi, mchanganyie na kuku au nyama. Maziwa mwachie mtoto wa mtu. Paka wengi wakubwa huwaharisha. Na paracetamol usimpe hata kipande, inaua.

Kikubwa kwa mzee ni maji. Mimi hujaza bakuli asubuhi, jioni nikatazama limebaki kiasi gani. Akianza kunywa kuliko kawaida, mchanga ukalowa sana, na mgongo ukajitokeza mifupa, mpeleke kwa daktari wa wanyama: huenda ni figo, sukari au tezi ya shingo. Akiacha kula siku nzima, mpeleke pia. Na ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute kabisa, huko ndani unaweza kumchana. Mfunike, mchukue upesi kwa daktari ulivyo.

Tena elewaneni nyumbani mapema nani atamlisha ukisafiri au ukiugua. Mimi nimemwachia mpwa wangu, na hela ya samaki nampa yeye kabla sijapanda boti, si mumewe.