Kuanzisha tenisi ya watoto kwenye uwanja wa kikapu wa shule

Nimefundisha watoto tenisi hapa Dar es Salaam tangu ujana wangu, na makocha wanaochipukia huniuliza sana: nianzie wapi kama sina uwanja wa tenisi? Anzia kwenye uwanja wa kikapu wa shule iliyo jirani nawe. Mtoto wa miaka saba hahitaji uwanja wa mita 23.77. Ukimweka huko atakimbiza mipira mpaka achoke, na wiki ijayo humwoni. Anachohitaji ni kurudishiana mpira na mwenzake siku ya kwanza, na hatua zote hapa chini zinalenga hapo.

Hatua ya 1: Ruhusa na saa

Mpelekee mwalimu mkuu barua, uombe mwalimu wa michezo awepo kila kipindi. Usibaki peke yako na watoto wa watu, hata wazazi wakikuamini vipi. Anza saa kumi na nusu jioni, au Jumamosi saa moja asubuhi. Jua la Januari na Februari si la kuchezea. Masika yakilowesha saruji, ahirisha.

Hatua ya 2: Viwanja vinne, kamba moja

Uwanja kamili wa kikapu una mita 28 kwa 15. Kiwanja cha tenisi cha wanaoanza kina urefu wa mita 11 na upana wa mita 5.5 hivi. Kwa hiyo vinaenea vinne, vimelala kukatisha upana, na nyuma ya kila mchezaji zinabaki mita 2. Funga kamba kutoka nguzo ya goli moja hadi nguzo ya goli la pili, sentimita 80 kutoka chini. Italegea katikati, basi iinue kwa viti vya darasani. Ning'iniza kanga kuukuu ili watoto waione vizuri. Mistari ni chaki.

Hatua ya 3: Mpira na raketi

Tafuta mipira myekundu, ambayo mwendo wake ni pungufu kwa asilimia 75 kuliko ule wa kawaida. Mzazi akikuambia hiyo ni tenisi ya kitoto, mweleze kuwa tangu 2012 kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi zinataka mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini yachezwe kwa mipira ya polepole. Ukiikosa, omba klabuni mipira mikuukuu iliyokwisha upepo. Mpya unadunda mno kwenye saruji, unampita mtoto kichwani.

Raketi ipime hivi: mtoto asimame wima, aishike mkono ukiwa umenyooka chini. Ncha ikiburuzwa, ni ndefu mno kwake.

Hatua ya 4: Anza na rede

Hapa usiwe na haraka. Kabla ya raketi, wape rede. Yule wa katikati anakwepa mipira kutoka pande mbili, anageuka, anasoma bega la mrushaji kabla mpira haujatoka mkononi. Hiyo ndiyo miguu na macho ya tenisi, na wamekwisha kuijenga mitaani kwao, Manzese au Mbagala, bila kocha. Na mrushaji hodari, ambaye mara nyingi ni msichana, anapandisha kiwiko, anazungusha kiuno, anamalizia kwa kifundo cha mkono. Sevu, yaani pigo la kuanzisha mchezo, inafuata njia ileile. Nimeona wasichana wenye mkono wa rede wakijifunza sevu mapema kuliko wavulana waliokulia kwenye mpira wa miguu tu. Basi angalia nani anarusha vizuri, umwandike.

Baadaye badilisha kidogo: wawili wawili, warushiane juu ya kamba, mpira udunde mara moja ndipo udakwe. Wakiweza kudaka, wataweza kupiga.

Hatua ya 5: Raketi

Mtoto ashike mpini kama anayempa mtu mkono. Inatosha kwa fohendi, pigo la upande wa mkono ulioshika raketi. Bekhendi, pigo la upande wa pili, atumie mikono miwili. Mmoja anarusha, mwenzake anapiga, halafu wanabadilishana. Kipindi kimoja, neno moja: leo "geuka", kesho "mbele ya mwili". Kocha anayetoa maelekezo matano kwa pigo moja anamgandisha mtoto.

Hatua ya 6: Hesabu

Wahesabu kwa sauti mipira iliyovuka bila kukatika. Mechi ziwe za pointi 7 za kawaida. Hesabu ya tenisi ya kumi na tano, thelathini itakuja baadaye.

Hatua ya 7: Kupanda

Wakirudishiana mara kumi bila kuhangaika, wahamishie kwenye mpira wa rangi ya chungwa na uwanja wa mita 18, halafu wa kijani na uwanja kamili. Usipandishe kwa umri pekee.

Hatua ya 8: Wasikupotee

Weka daftari la mahudhurio. Asiyeonekana mara mbili, mpigie mzazi wake, umsalimie kwanza, umsikilize. Mwaka wa mtihani wa darasa la saba wengi huzuiwa nyumbani. Usigombane na mzazi: punguza siku, mwachie mtoto nafasi yake mpaka mtihani upite. Wakifika sekondari, wakubwa wape kundi la wadogo wakusaidie kufundisha. Makocha wazuri niliowalea walianzia hapo, kwa kuokota mipira na kurushia wadogo. Msaidizi wa namna hiyo mpe nauli yake siku hiyohiyo, kabla hajaondoka uwanjani.