Seva ya nyumbani ya faili na bakapu: jenga ukianza na swali la kurejesha

Watu wengi huanza mradi huu kwa kununua diski. Mimi nakushauri uanze na karatasi. Andika ni vitu gani ukivipoteza leo huwezi kuvipata tena popote: picha za familia, nyaraka, kazi zako, rekodi za sauti. Kisha andika vile ambavyo ungevipakua upya bila shida, kama filamu na programu. Kundi la kwanza huwa dogo kuliko watu wanavyodhani, nalo ndilo linalostahili nakala tatu. La pili litakaa kwenye seva tu, na likipotea halitakuumiza.

Ukishapata ukubwa wa kundi la kwanza na la pili pamoja, zidisha mara mbili. Hiyo ndiyo nafasi ya kuanzia. ZFS, mfumo wa faili tutakaoutumia, hupungua kasi ghala linapojaa, kwa hiyo panga usivuke asilimia 80. Kumbuka pia kwamba diski iliyoandikwa TB 8 utaiona kama TiB 7.28, kwa sababu watengenezaji huhesabu kwa maelfu na mifumo mingi huhesabu kwa 1024. Hujapunjwa.

Hatua ya 1: Mashine

Kompyuta ya mezani iliyotumika ofisini inatosha kabisa. Unachohitaji ni prosesa ya biti 64, RAM ya GB 8, nafasi ya diski mbili za inchi 3.5, SSD ndogo ya mfumo, na poti ya mtandao ya gigabiti. RAM ya ECC, inayogundua na kusahihisha makosa yake yenyewe, ni nzuri ukiipata, lakini usisubiri mwaka mzima kuitafuta huku picha zako zikiwa kwenye simu moja.

Umeme ndio gharama ambayo watu huisahau. Kila wati moja inayotumika saa zote ni takriban kWh 8.76 kwa mwaka, kwa hiyo mashine ya wati 25 itakula kama kWh 219. Zidisha kwa bei ya umeme wako kabla ya kuchukua seva kubwa ya kampuni iliyouzwa kwa bei ya kutupa.

Tumia kebo, si Wi-Fi. Kwa gigabiti utapata karibu MB 110 kwa sekunde, yaani TB 1 kwa saa mbili na nusu. Ruta au swichi ya zamani yenye poti za megabiti 100 itakuchukua siku nzima kwa kazi hiyohiyo.

Hatua ya 2: Diski, na usiziamini bado

Nunua diski mbili za ukubwa sawa, za aina ya CMR, yaani zenye njia za kuandikia zisizolaliana. Kwenye diski za SMR njia za kuandikia zimelaliana kama vigae vya paa, kwa hiyo kubadilisha kipande kimoja hulazimu kuandika upya vya jirani. Kwa matumizi ya kawaida huenda usione tofauti, ila siku diski moja ikifa na nyingine inanakiliwa, kazi ya saa kadhaa inaweza kuwa ya siku nyingi. Soma jedwali la mtengenezaji, si jina la boksi: kwa Western Digital, kwa mfano, Red Plus na Red Pro ni CMR, Red ya kawaida ni SMR. Ukiweza, nunua kila diski sehemu tofauti ili zisitoke mkupuo mmoja wa kiwandani.

Diski mpya inaweza kufika ikiwa mbovu. Ijaribu kabla ya kuweka chochote, ukiweka herufi halisi ya diski yako badala ya X:

sudo apt install smartmontools
sudo smartctl -t long /dev/sdX
sudo badblocks -b 4096 -wsv /dev/sdX

Subiri jaribio la smartctl liishe kabla ya kuanza badblocks. Amri hiyo ya mwisho hufuta kila kitu, kwa hiyo hakikisha herufi ya diski mara mbili kwa lsblk. Huchukua siku kadhaa kwa diski kubwa, kwani huandika na kusoma diski yote mara nne. Vumilia. Baadaye tazama matokeo kwa smartctl -a, hasa sifa namba 5, 197 na 198, zinazohesabu sehemu mbovu za diski. Zote ziwe sifuri. Kama moja imepanda, rudisha diski dukani. Namba 199 ikiongezeka, shuku waya wa SATA kwanza.

Hatua ya 3: Mfumo

Weka Ubuntu Server 24.04 kwenye SSD, ukubali OpenSSH (ya kuiendesha seva kutoka kompyuta nyingine) wakati wa usakinishaji, na kwenye ruta iwekee seva anwani isiyobadilika. Hapa hakuna la kusema zaidi.

Hatua ya 4: Ghala

Tutafanya diski mbili kuwa pacha: kila kinachoandikwa kwenye moja huandikwa kwenye nyingine. Orodhesha majina ya kudumu kwa ls /dev/disk/by-id na uyatumie hayo; sda na sdb zinaweza kubadilishana majina ukiwasha upya.

sudo apt install zfsutils-linux sanoid samba
sudo zpool create -o ashift=12 -O compression=lz4 -O atime=off ghala mirror /dev/disk/by-id/ata-YA-KWANZA /dev/disk/by-id/ata-YA-PILI
sudo zfs create ghala/picha
sudo zfs create ghala/nyaraka
sudo zfs create ghala/filamu

Ninaipenda ZFS kwa sababu moja kubwa: kila kipande cha data hutunzwa na alama ya uhakiki. Biti ikigeuka kimyakimya kwenye diski moja, ZFS huiona wakati wa kusoma na kuirekebisha kutoka kwa pacha. Ukaguzi wa ghala zima huitwa scrub, na kwenye Ubuntu umeshapangwa kufanyika Jumapili ya pili ya kila mwezi. Usiwashe dedup, yaani kuunganisha vipande vya data vinavyofanana; inakula RAM bila faida ya maana nyumbani.

Sasa snapshoti, yaani picha ya hali ya faili kwa wakati fulani, ambayo haichukui nafasi mpaka faili zibadilike. Programu ya sanoid itazichukua na kufuta za zamani yenyewe. Tengeneza /etc/sanoid/sanoid.conf:

[ghala]
use_template = nyumbani
recursive = yes

[template_nyumbani]
frequently = 0
hourly = 24
daily = 30
monthly = 6
yearly = 0
autosnap = yes
autoprune = yes

Mtu akifuta folda kwa bahati mbaya, utaikuta ndani ya /ghala/picha/.zfs/snapshot.

Hatua ya 5: Kuifikia kutoka kompyuta nyingine

Samba ndiyo programu inayozifungulia kompyuta nyingine folda za seva kupitia mtandao. Mwishoni mwa /etc/samba/smb.conf ongeza sehemu moja kwa kila folda, JINA likiwa jina lako la kuingilia kwenye seva:

[picha]
path = /ghala/picha
valid users = JINA
read only = no

Kisha sudo chown JINA /ghala/picha, sudo smbpasswd -a JINA, na sudo systemctl restart smbd.

Usifungue poti 445, inayotumiwa na Samba, kwenye ruta ili uifikie seva ukiwa mbali. WannaCry, virusi vilivyofunga faili za watu na kudai fidia mwaka 2017, vilienea kupitia udhaifu wa SMB, itifaki hiihii ambayo Samba huitumia. Ukihitaji kuingia kutoka nje, weka WireGuard, programu ya VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa nyumbani), na ufungue poti yake tu.

Hatua ya 6: Bakapu yenyewe

Mpaka hapa bado huna bakapu. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu ndipo wengi wanapoishia wakiwa na furaha. Diski pacha hukulinda dhidi ya kifo cha diski moja. Faili ukiifuta, inafutika kwenye zote mbili sekunde hiyohiyo. Snapshoti hukuokoa hapo, lakini zinaishi kwenye diski hizohizo. Mwizi, moto au hitilafu ya umeme haviachi kimoja. Kanuni ya 3-2-1 ndiyo kipimo: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba.

Kwa kazi hii natumia restic. Hufunga data kwa siri, hukata faili vipande na kuhifadhi vile vipya tu, na huweza kuandika kwenye diski ya USB, seva ya mbali kwa SFTP au hifadhi ya wingu. Chomeka diski ya nje, iunganishe kwenye /mnt/nje, kisha ukiwa root:

apt install restic
export RESTIC_REPOSITORY=/mnt/nje/restic
export RESTIC_PASSWORD_FILE=/root/restic-siri
restic init
restic backup /ghala/picha /ghala/nyaraka
restic forget --keep-daily 7 --keep-weekly 5 --keep-monthly 12 --prune

Nenosiri liweke kwanza kwenye faili ya /root/restic-siri, na uifunge kwa chmod 600. Liandike pia kwenye karatasi na uitunze mbali na seva. Bila nenosiri hilo, hakuna fundi duniani atakayekufungulia.

Faida nyingine ndogo: kama diski ya nje haijaunganishwa, restic haitaona hazina yake na itagoma. Skripti ya rsync (programu ya kunakili faili) isiyo na tahadhari ingeandika kwa utulivu ndani ya folda tupu na kujaza SSD ya mfumo.

Diski mbili za nje zinazobadilishana, moja nyumbani na nyingine kwa ndugu unayemwamini, zinatosha. Kama intaneti yako ni ya kasi, elekeza nakala ya pili kwenye seva ya mbali. Amri ya backup iwekee ratiba ya kila usiku kwa systemd timer au cron, ila hakikisha kosa likitokea unapata barua pepe. Kazi inayofeli kimya ni mbaya kuliko kukosa ratiba, maana unalala ukiamini unacho usichonacho.

Hatua ya 7: Rejesha, leo hii

restic check --read-data-subset=5%
restic restore latest --target /root/jaribio --include /ghala/nyaraka
diff -r /ghala/nyaraka /root/jaribio/ghala/nyaraka

diff ikinyamaza, faili ni zilezile. Ikitaja faili, angalia kama ulizibadilisha baada ya bakapu ya mwisho. Fungua pia picha na nyaraka chache kwa macho yako. Halafu fanya jaribio gumu zaidi: chukua kompyuta nyingine kabisa, weka restic, chomeka diski ya nje, na urejeshe kwa kutumia nenosiri la kwenye karatasi peke yake. Seva ikiungua, ndivyo utakavyokuwa.

Fanya jaribio moja zaidi kabla ghala halijajaa. Zima mashine, chomoa diski moja, washa, uandike zpool status. Utaona DEGRADED huku faili zote zikisomeka. Zima tena, irudishe diski, washa, na ZFS itanakili kilichokosekana. Diski ikifa kweli, tofauti ni amri moja tu baada ya kuchomeka mpya:

sudo zpool replace ghala ata-ILIYOKUFA /dev/disk/by-id/ata-MPYA

Namba za mfululizo za kiwandani (serial number) za diski zote mbili zibandike kwa lebo upande unaoonekana ukifungua kasha, ili siku hiyo usichomoe nzima ukaacha iliyokufa.