Umehamia Marekani na unasali Episcopal? Jua nani ni nani parokiani na umwendee nani kwa shida ipi

Ndugu zangu mliotoka KAT (Kanisa Anglikana la Tanzania), ACK (Kanisa Anglikana la Kenya), Kanisa Anglikana la Kongo, Uganda au Burundi, mkifika Marekani msipoteze miezi mnatafuta kibao cha Anglikana, huku kanisa lililo kwenye Ushirika wa Anglikana duniani linaitwa Episcopal. Jina lilibadilika baada ya vita vyao vya uhuru, na askofu wao wa kwanza, Samuel Seabury, ilibidi awekwe wakfu Aberdeen kule Scotland mwaka 1784 kwa sababu Waingereza wasingeweza kumweka bila kiapo cha utii kwa mfalme. Vibao vya Anglican utaviona pia lakini mara nyingi ni kanisa lingine lililoundwa 2009, lina taratibu zake, mimi hapa naongelea Episcopal tu.

Kibao chao utakiona kona ya barabara, kimeandikwa kwamba Kanisa la Episcopal linakukaribisha. Na kweli wanakukaribisha. Ila nimeona familia zetu nyingi zinakaa benchi la nyuma mwaka mzima, hakuna anayejua majina yao, halafu zinaondoka zikisema wale watu ni baridi. Jamani, huku mtu hafuatwi nyumbani bila kualika, wanaona ni kumsumbua, kwa hiyo wewe ndio unatakiwa kusema. Ukishajua umwambie nani, mambo yanaenda.

Tuanze na mkubwa wa pale, rekta. Kwetu askofu anampanga mchungaji na kumhamisha, ukiamka Jumapili unakuta mwingine. Huku parokia yenyewe inamtafuta, baraza la wazee linaloitwa vestri linamchagua kwa kushauriana na askofu, na parokia ndiyo inamlipa mshahara. Akiondoka mnaweza kukaa mwaka au zaidi na kasisi wa muda, usidhani kanisa limekufa, ndio utaratibu wao. Kanisa dogo lisiloweza kujitegemea linaitwa misheni, na hapo askofu ndiye anayempeleka mtu.

Rekta anaweza kuwa mama, na mara nyingi ni mama. Mkutano Mkuu wao ulikubali makasisi wanawake mwaka 1976, na Barbara Harris wa Massachusetts akawa askofu mwanamke wa kwanza katika ushirika wote wa Anglikana mwaka 1989. Waliotoka Kenya hawatashangaa, maana dayosisi ya Butere wana Askofu Rose Okeno tangu 2021. Kuhusu kumwita, muulize tu siku ya kwanza unataka nikuiteje, wengine watasema Father au Mother, wengine watakwambia niite jina langu. Sisi kumwita mtumishi wa Mungu jina kavu ulimi unakataa, basi mwite Mchungaji na umweleze maana yake, wengi watafurahi sana.

Shemasi naye usimwone kama kasisi anayesubiri zamu. Huku mashemasi wengi wamewekwa wakfu kubaki mashemasi maisha yao yote, wengi hawalipwi hata senti, katikati ya wiki ni nesi au mwalimu mahali fulani. Kazi yake kwa kiapo ni kuwahudumia maskini, wagonjwa na wapweke na kulikumbusha kanisa shida za watu wa nje. Umefika Novemba na watoto hawana makoti ya baridi, hujui mambo ya shule, hujui kliniki ipi inapokea watu wasio na bima, nenda kwa shemasi kama parokia yako inaye. Usione aibu hata kidogo, ni wito wake.

Halafu kuna mtu ambaye wageni wengi hawamjui kabisa na mimi ndiye namwona wa maana kuliko wote kwa mgeni, msimamizi wa ofisi ya parokia. Huyu havai kola. Ndiye anapokea simu, ndiye ana kalenda ya jengo, ndiye anachapa karatasi ya ibada, na rejista ya ubatizo na ndoa mara nyingi utaipata kupitia kwake. Mwandikie imeili fupi, hata Kiingereza kikiwa cha kuungaunga, weka mambo manne tu: majina ya wote nyumbani na umri wa watoto, namba ya simu, lugha mnazoongea, na unachoomba. Mfano, sisi ni familia ya watu watano kutoka Bukavu, tumesali hapa Jumapili tatu, tunaomba kuandikishwa na tunaomba kuonana na mchungaji. Basi. Usimkamate rekta mlangoni baada ya ibada ukamwaga shida yote, pale anasalimia watu mia na atasahau, mwambie naomba miadi halafu imeili ifuate. Na ujue ana siku yake ya mapumziko katikati ya wiki, siku hiyo ofisi itakujibu isipokuwa ni msiba au mtu mahututi.

Nikishataja wagonjwa niseme hili kwa nguvu. Nyumbani ukilazwa habari inafika kwa mchungaji kabla hujapata kitanda. Huku hospitali hairuhusiwi kutoa habari zako ovyo kwa sheria ya siri za mgonjwa, kwa hiyo mchungaji hatajua na hatakuja, na wewe utalala pale unaumia ukidhani umetelekezwa. Piga simu ofisini mwenyewe au mwambie mtoto apige, taja hospitali, namba ya chumba, na kama unataka kuletewa ushirika mtakatifu. Watakuja. Ukitaka jina lako liombewe Jumapili sema pia, lakini sema kama litajwe kwa sauti au libaki kwa mchungaji, na wahi mapema katikati ya wiki kabla karatasi haijachapwa.

Uanachama. Kama ulibatizwa na kuwekewa mikono na askofu wa Anglikana kwenu, huanzi upya, kipaimara chako kinahesabika. Kinachotakiwa ni barua ya uhamisho kutoka parokia ya zamani, na kama ulikimbia vita karatasi zikabaki huko, mweleze rekta, si wewe wa kwanza. Ushirika wenyewe unapokea tangu siku ya kwanza maana aliyebatizwa yeyote anakaribishwa mezani, na usipotaka kupokea kunja mikono kifuani upewe baraka.

Ubatizo wa mtoto huwa hawafanyi Jumapili yoyote tu. Kitabu chao cha Sala cha 1979 kinapendekeza mkesha wa Pasaka, Pentekoste, Watakatifu Wote, Jumapili ya Ubatizo wa Bwana mwezi wa Januari, au askofu akija kutembelea, kwa hiyo ongea na kasisi miezi miwili mitatu kabla, hasa kama shangazi anapanda ndege. Ndoa, kanuni inataka taarifa ya siku 30 angalau, mafundisho kabla ya ndoa, na leseni ya serikali mnaenda kuchukua wenyewe.

Ukitaka kusaidia watoto wa Sunday school, wewe mama uliyelea kumi, utaambiwa usome mafunzo ya usalama wa kanisa na uchunguzwe rekodi zako. Usikasirike. Kila mtu anapitia, rekta mwenyewe kapitia.

Pesa sasa. Vestri ndiyo inashika bajeti pamoja na mhazini, wajumbe wa vestri wanachaguliwa na waumini kwenye mkutano wa mwaka, na una haki ya kuuliza matumizi bila mtu kukuona mkorofi. Kwenye vestri kuna viongozi wawili wanaoitwa wodeni: wodeni mkuu ni kama mkono wa kulia wa rekta, wodeni mdogo mara nyingi anashughulika na majengo, bomba likipasuka mwambie huyo. Kuanzia Oktoba hivi utapewa kadi ya ahadi uandike utatoa kiasi gani mwaka ujao, andika unachoweza hata dola tano kwa wiki, ni siri na hakuna atakayesoma majina mbele kama harambee. Na wewe ukikwama kodi ya nyumba au umeme, rekta ana mfuko maalum wa kusaidia watu, kanuni inasema sadaka ya Jumapili moja kila mwezi, ile isiyopangiwa kazi nyingine, iende kwenye shughuli hiyo. Unaomba kwake faragha, vestri haiambiwi jina lako. Mara nyingi hakupi mkononi, anaandika cheki moja kwa moja kwa mwenye nyumba, kwa hiyo nenda na bili.

Jambo jingine ulijue kabla. Wakisema wanakaribisha wote wanamaanisha wote, pamoja na wapenzi wa jinsia moja, na tangu 2015 Mkutano Mkuu umeruhusu ndoa zao kanisani. Makanisa yetu mengi Afrika Mashariki yanapinga hilo na pengine wewe pia. Kama linakusumbua ongea na kasisi uso kwa uso, atakusikiliza na hatakufukuza.

Na mtumishi akikukosea vibaya, akakudhalilisha au kula pesa, usinyamaze kwa sababu ni mtumishi. Kila dayosisi ina mtu aliyeteuliwa kupokea malalamiko juu ya makasisi, jina lake kwa kawaida lipo kwenye tovuti ya dayosisi, huhitaji ruhusa ya parokia kumpigia.

La mwisho ni ibada ya Kiswahili, maana wengi mnaniuliza. Mkiwa familia kadhaa msianze na vestri wala msikusanye saini, nendeni kwa rekta kwanza kwa sababu kwa kanuni yeye ndiye mwenye mamlaka juu ya ibada na matumizi ya jengo, vestri inaingia pesa ikihitajika. Mwende wawili watatu, mmoja wenu mama, na mpango umeandikwa: Jumapili ipi ya mwezi, saa ngapi, nani ataongoza sala, kwaya inahitaji spika au haihitaji, nani atafundisha watoto. Onaneni na mpiga kinanda mapema kuhusu kugusa vyombo vyake. Na sekstoni, yule anayefungua milango na kusafisha, mwulizeni saa zake kabla ya kupanga zenu, mkubaliane nani kati yenu atabaki kufagia ukumbi baada ya pilau na kurudisha viti vilivyokuwa, na ukumbi mtapewa tena mwezi unaofuata.