Kubadilishana bia na mtu wa mtandaoni Marekani, usilizwe

Kwanza mchunguze, soma walichoandika waliowahi kubadilishana naye, ukikuta akaunti ya juzijuzi afu anakukimbiza ujue kuna kitu. Mwambie apige picha chupa zenyewe, pembeni karatasi yenye jina lake na tarehe ya leo, na tarehe ya kujazwa chupa ionekane, maana IPA, ile bia yenye hopsi nyingi (maua yanayoipa bia harufu na uchungu), ikifika miezi sita harufu ya hopsi ishapotea hata kama lebo inang'aa.

Kutuma ndo kwenye kesi: USPS, yaani posta ya serikali ya Marekani, hawaruhusu bia kabisa, UPS na FedEx, kampuni binafsi za kusafirisha vifurushi, hawapokei pombe ya mtu binafsi asiye na leseni, kwa hiyo mi nasema mkutane mchana sehemu yenye watu, kila mtu akague vifuniko ndo mpeane. Akianza kudai hela itangulie, achana naye.