Herufi zinazojirudia katika fonti ya brashi
Nilipokuwa nikiandaa bango la muuza zabibu hapa Dodoma kwa fonti ya kuchezacheza iliyochorwa kwa brashi, niligundua kwamba kinachoifanya ionekane ya kimashine ni herufi zinazojirudia zikiwa na umbo lilelile, kwani mkono wa mtu hauchori A mbili zinazofanana kabisa. Maneno "ZABIBU ZA DODOMA" peke yake yana A 3, na Z, B, D na O zimo mara 2 kila moja. Kiswahili chetu, kwa wingi wa irabu zake, huliweka wazi tatizo hili haraka. Katika programu ya usanifu, fungua orodha ya maumbo ya herufi yaliyomo ndani ya fonti, kisha uipe kila herufi inayojirudia umbo lake mbadala, ukianza na zile zinazojirudia zikiwa karibu karibu. Fonti isipokuwa na maumbo mbadala, geuza maandishi yawe mchoro ili kila herufi iweze kusogezwa peke yake, uinamishe moja kati ya herufi zinazojirudia kwa nyuzi 2 au 3 na kuipandisha kidogo sana. Mbinu hii haifai kwa maandishi madogo, kama vile bei na namba ya simu, ambako tofauti hizo huonekana kuwa kasoro za uchapaji.