Unahamia England na watoto? Anza na nafasi ya shule, nyumba baadaye

Kabla hujalipa amana ya nyumba, ipigie simu halmashauri ya eneo hilo uulize ni shule zipi za serikali zina nafasi kwa darasa la mwanao sasa hivi. Ukifika katikati ya mwaka, hata ukipanga mkabala na geti la shule, darasa likijaa limejaa. Hasa madarasa ya wadogo wa miaka 5 hadi 7, ambayo sheria huyawekea kikomo cha watoto 30 kwa mwalimu mmoja. Pata shule mbili tatu zenye nafasi, ndipo utafute nyumba karibu nazo. Shule za dini ni habari nyingine: zikizidiwa na maombi, huweza kutanguliza waumini, ukaribu usikusaidie. Na nafasi haitakusubiri, kwa hiyo uliza tena siku ya kusaini mkataba.