Kabla hujamrudisha nyumbani mgonjwa aliyepandikizwa utumbo

Nimemuuguza dada yangu huku Marekani, kwa hiyo nisikilize. Kutoka hospitali sio kupona. Utumbo ni mgumu kuliko figo, ikifika miaka 5 kwa karibu nusu ya waliopandikizwa utumbo unakuwa umeshakataliwa na mwili au mwenyewe hayupo, na wengi huharibikiwa wakiwa nyumbani mikononi mwetu.

Takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiukatae utumbo, anameza kila baada ya saa 12, maisha yake yote, weka alamu kwenye simu mbili. Siku ya kupima damu asimeze ya asubuhi mpaka wamtoe damu kwanza. Balungi lisiingie ndani kwenu, linapandisha dawa mwilini. Chanjo zenye virusi hai hapana, na ya homa ya manjano ni mojawapo, kwahiyo safari ya Bongo muulize daktari kabla hujaangalia nauli.

Sasa kuharisha. Hapa ndipo mimi nilikosea. Mwezi wa nane tangu oparesheni, Jumamosi, mfuko wake uliobandikwa tumboni kupokea choo ukaanza kujaa haraka haraka, maji matupu. Jana yake tulikuwa harusini, nikasema ni lile pilau. Nikampa ORS na uji, nikamwambia dada pumzika Jumatatu tutapiga simu, na wala sikupima yametoka kiasi gani. Jumatatu hakuweza kusimama. Wakaingiza mpira wa kamera, wakanyofoa kinyama wakapime, kumbe mwili umeshaanza kuukataa utumbo. Na utumbo ukivimba hivyo unapitisha takrolimasi nyingi kuliko kawaida kuingia kwenye damu, dawa ikapanda, maji yameisha mwilini, figo zikapigwa. Wiki tatu wodini na dripu za steroidi, dawa za kutuliza huko kukataliwa. Utumbo ulipona, figo hazikurudi, mpaka leo ana daktari wa figo.

Figo ina kriatinini, uchafu unaopanda kwenye damu figo ikizidiwa, kwa hiyo kipimo cha damu kinakuambia mapema. Utumbo hauna kipimo cha hivyo, mfuko ndio unaokuambia. Nunua jagi lenye vipimo, andika kila siku, ukiona umeongezeka piga simu usiku huo huo, hata kama unaona aibu kuwasumbua.

Homa ya 38, simu. Katapika dozi, simu. Brufeni asipewe, dawa za mitishamba hata zikitoka kwa mama asipewe, juani avae kofia maana saratani ya ngozi inawafuata hawa, mwenye mafua asije kumsalimia, nyama iive, na namba ya koodineta wa hospitali ibandikwe kwenye friji, watoto nao waijue.